Bunduki Kumi na Moja za Baba

Jumatatu, 10 Septemba 1984

Leo asubuhi Santina Mabellini ameingia dukani kwetu na gunia begani. Jicho lake la kulia lilimtoka Januari, bunduki yake ilipompasukia mkononi kule juu msituni, na tangu siku hiyo hakuwahi kukanyaga hapa. Kaka yangu Bortolo alimwona kupitia dirishani, mara akakumbuka kwamba ana kazi stoo.

Bi Santina hakusalimia. Alilitupa gunia juu ya meza yangu, akasema anataka kitako cha bunduki kilichopindwa, aendelee kuegemeza bega la kulia kama alivyozoea miaka arobaini, lakini alenge kwa jicho la kushoto.

"Bega langu halijapofuka," akasema.

Nikamwambia kitako cha namna hiyo nimekiona mara moja tu, marehemu baba alipomtengenezea mtu wa Brescia aliyerudi kutoka vitani. Akasema basi chake kitakuwa cha pili. Nikakubali.

Bortolo alipotoka stoo alikuwa amekunja uso. Akaniuliza kama nimesahau kijiji kinasema nini: kwamba mwanamke huyu hujijazia risasi mwenyewe, alizidisha baruti, na sasa hakuna anayetaka kuwinda karibu naye. Nikamjibu sijasahau, na kazi nimeshaipokea.

Tumebaki wawili tangu baba, Gaudenzio Cerqui, fundi bunduki, afariki Februari. Bortolo ni wa chuma, mimi ni wa mbao. Daftari hili nimelianza ili nihifadhi vipimo, maana kitako hiki kitanisumbua.

Jumatano, 12 Septemba

Nimempima Bi Santina. Shingo fupi, mikono mirefu, shavu la kulia lina kovu ambalo mbao isiligonge. Ananuka maziwa ya kuganda, maana anafuga ng'ombe sita na kutengeneza jibini. Nilimpa kitako cha mazoezi, nikamwambia afumbe jicho. Akaniuliza lipi. Nikaona aibu, yeye hakuona.

Kitako kitatoka begani, kipite chini ya kidevu, kirudi juu upande wa pili wa uso. Nimechagua gogo la mjozi ambalo mishipa yake inapinda yenyewe kuelekea huko, ili mbao isikatike shingoni.

"Baba yako hakuhitaji kamba," aliniambia nikimzungushia kamba. "Alinitazama tu, akajua." Kwa sifa hiyo ya baba nilijisikia vizuri siku nzima.

Jumapili, 16 Septemba

Ufunguzi wa msimu. Milio pande zote za bonde tangu mapambazuko. Wanasema mbwa wa Bi Santina amelia mpaka adhuhuri.

Jumatano, 19 Septemba

Mvua.

Alhamisi, 20 Septemba

Mvua. Ukungu umeshuka hadi kwenye ngazi za kanisa. Nimeanza kuchonga.

Jumatatu, 24 Septemba

Nilitaka kunakili urefu wa kitako chake cha zamani, kwa hiyo nikaitoa bunduki ile guniani. Sikuwa nimeiona tangu ajali. Bortolo ndiye aliyekwenda kuitazama wakati ule, akarudi na neno moja, baruti.

Mtutu wa kulia, kati ya miwili, umefunguka kama mfuko wa karatasi uliopulizwa ukapigwa kofi. Lakini umefunguka shubiri nzima mbele ya chumba cha risasi, pale mkono wa kushoto unaposhika. Mimi ni mtu wa mbao, ila nimekulia humu ndani. Baruti ikizidi, chuma hupasuka nyuma, kwenye chumba chenyewe. Huku mbele hupasuka kwa sababu nyingine.

Nikachukua kipimo cha unene. Upande mmoja wa mpasuko, karibu milimita mbili. Upande wa pili, chini ya nusu milimita. Mtutu ulipekechwa upya kuondoa kutu ndani, na ulipekechwa kombo.

Chini ya mtutu kuna alama ya baba, G.C. na jani dogo. Pembeni yake ingepaswa kuwa na muhuri mpya wa wapimaji wa serikali, maana mtutu ukishapekechwa lazima urudi kwao upigwe risasi nzito kabla ya kumfikia mwenyewe. Muhuri haupo.

Nikakumbuka miezi ya mwisho ya baba dukani. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwa akinipa kipimo na kusema kwa mzaha, "Nisomee, Delfina, leo nimekuwa mvivu." Nilikuwa namsomea. Skrubu ndogo nilimfungia mimi, maana mikono ilitetemeka. Nilikuwa najua. Nilijisemea kwamba akiacha kazi atakufa, kwa hiyo nikanyamaza. Na siku nilizokuwa chini kwenye mbao, nani alimsomea?

Jumanne, 25 Septemba

Nimepima tena. Ni vilevile.

Alhamisi, 27 Septemba

Nilimwekea Bortolo mtutu ule mezani saa ya chakula, kando ya sahani. Hakuugusa. Hapo nikajua kwamba hakuwa na haja ya kuugusa.

Nikamuuliza kama alijua tangu Januari. Akaendelea kukata mkate. Akasema baba amezikwa, jicho haliwezi kurudi, na duka hili lina jina moja tu, jina la baba. Akasema nitengeneze kitako changu kizuri, tumpe Bi Santina bila malipo, iwe ndiyo pole yetu.

"Na bunduki nyingine?" nikamuuliza.

"Zipi?"

"Alizopekecha mwaka ule wote, Bortolo. Au alipekecha hii moja tu?"

Akainuka, akaosha sahani yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Kisha akasema nikitaka kuzika duka nichimbe shimo la kumtosha na yeye.

Jumatatu, 1 Oktoba

Bortolo amekwenda Brescia. Nimefungua daftari la kazi la baba. Herufi za mwisho zinaparamiana, lakini zinasomeka. Mitutu iliyopekechwa katika miezi kumi na sita: bunduki kumi na mbili. Moja ni ya Santina. Kumi na moja ziko mikononi mwa watu, na msimu umefunguliwa. Nimeyanakili majina ukurasa wa mwisho wa daftari langu.

Jina la kumi na moja limeandikwa herufi moja tu, B. Ni ile bunduki nyepesi ya kaka yangu. Baba alimpekechea alipotimiza miaka hamsini.

Jumatano, 3 Oktoba

Nimepanda kwa Bi Santina. Nilimkuta kazama mikono hadi viwiko kwenye sufuria kubwa ya shaba, anakusanya jibini. Nilisema yote nikiwa nimesimama, haraka, kabla sijabadili nia. Mtutu, kombo, muhuri, macho ya baba, na kwamba nilikuwa najua kuhusu macho.

Hakutoa mikono. Alilikusanya bonge lote kwenye kitambaa kwanza, kisha akasema:

"Baba yako alikuja hospitali. Unajua?"

Sikujua.

"Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Nikadhani ananionea huruma. Nikamwambia, Gaudenzio, nisamehe, nimeharibu kazi yako kwa baruti yangu. Mimi nilimwomba yeye msamaha."

Nikamuuliza baba alijibu nini.

"Alivaa kofia, akaenda zake."

Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye kitambaa. Akasema, bila kupandisha sauti, niondoke kabla hajatoa mikono humo.

Alhamisi, 4 Oktoba

Baba aliacha kula wiki ile ya hospitali. Tulidhani ni tumbo.

Jumapili, 7 Oktoba

Bortolo amekwenda mlimani na bunduki yake. Hajawahi kuwa mwindaji wa kila Jumapili, ila sasa amekuwa. Sauti ya bunduki hiyo naijua, ni nyembamba kuliko nyingine. Milio mitatu. Amerudi saa sita, akaning'iniza ndege wawili mbele yangu.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimeanza nyumba kwa nyumba. Majina matatu leo. Wa kwanza aliniambia bunduki yake haina neno. Wa pili alimwita mkewe aje asikie kichekesho. Wa tatu hakufungua mlango, na nilimwona nyuma ya pazia.

Jumatano, 10 Oktoba

Ermes Tavelli, mwenyekiti wa chama cha wawindaji, naye yuko kwenye orodha. Nilimkuta baa, na wenzake, jambo ambalo lilikuwa kosa langu. Nilimwomba bunduki yake kwa siku moja tu niipime. Akaigeukia baa nzima.

"Mnamsikia? Mtu wa mbao anakuja kutufundisha chuma."

Wakacheka. Mmoja akasema nimekosa mume, sasa natafuta bunduki. Nikamwambia Tavelli kwamba chuma chake kinaweza kuwa chembamba kuliko ngozi yake, na ngozi yake naona ni nene ya kutosha. Wakacheka tena, mara hii si mimi waliyemcheka. Bunduki sikupewa.

Jumapili, 14 Oktoba

Milio mitano ya Bortolo. Amerudi.

Alhamisi, 18 Oktoba

Cesarino, mpeleka barua, amenikubalia. Alisema amechoka kuniona nikipita mvuani. Nilipima juu ya meza ya jikoni, mkewe akikoroga polenta, ugali wetu wa mahindi. Mtutu wa kushoto, upande wa chini, nusu milimita. Nilimwonyesha kipimo asome mwenyewe. Akasoma. Akakiweka chini, akaitazama ile mikono yake ya kugawia barua, mbele na nyuma.

"Jumapili nilipiga ishirini," akasema.

Mkewe alinijazia sahani, akaniwekea jibini juu, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza.

Jumamosi, 20 Oktoba

Mpeleka barua hupita kila mlango. Bunduki mbili zimeletwa leo, zote zimefungwa blanketi kama wagonjwa. Moja nzima. Moja mbovu.

Bortolo alizipita pale mezani kana kwamba ni za duka la mtu mwingine. Jioni mnunuzi wetu wa Brescia alipiga simu na kufuta oda ya msimu mzima. Bortolo alinieleza kwa utulivu, neno kwa neno, ili nisikose hata moja.

Jumapili, 21 Oktoba

Milio miwili. Kisha kimya kwa saa nzima, nikatoka hadi uani na aproni. Kisha wa tatu.

Alhamisi, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Makaburini wanawake wawili wamegeuza migongo nilipopita na maua. Mmoja akasema kwa sauti ya kutosha kwamba kuna watoto wanaofukua baba zao kwa mikono yao. Niligeuka nikamwambia ni kweli, na mumewe ni wa sita kwenye orodha yangu, nitakuja Jumamosi.

Kwa baba nilikaa kidogo. Nilikuwa nimepanga kumwambia kitu kikali. Nimefuta vumbi kwenye picha yake, basi.

Jumapili, 4 Novemba

Leo ilikuwa karamu ya wawindaji, pale ukumbi wa parokia. Wanaume hamsini, nyama na ndege wakizungushwa motoni tangu alfajiri, polenta kwenye mbao ndefu katikati ya meza. Wanawake huwa tunapakua. Mimi sikwenda kupakua. Nilikwenda na gunia la Santina.

Nilisubiri Tavelli amalize hotuba yake kuhusu heshima ya wawindaji wa bonde letu. Akainua glasi. Nikapita kati ya viti, nikautoa mtutu uliopasuka, nikauweka juu ya polenta mbele yake. Ulizama kidogo. Mafuta yakaendelea kudondokea makaa.

Sikuwahi kuhutubia watu. Nilisema hii ni bunduki ya Santina Mabellini, na haikupasuka kwa baruti yake. Nikasema ilipekechwa na baba yangu, Gaudenzio Cerqui, fundi bora aliyewahi kuishi hapa, wakati haoni tena. Mimi nilijua haoni, na sikusema. Bunduki haikupelekwa kupimwa, na duka letu halikusema. Kwa miezi kumi mlimsingizia mwanamke aliyepoteza jicho, nasi tukawaacha mseme. Kisha nikayasoma majina yaliyobaki, moja baada ya jingine, kila mtu akiwa ameketi palepale na uma mkononi.

Tavelli alikuwa mwekundu. Akasema bunduki yake imepiga misimu miwili bila tatizo.

"Ya Santina pia ilipiga misimu miwili," nikamwambia.

"Unamwita baba yako muuaji."

"Namwita kipofu. Nyinyi mnaojua na bado mtapiga Jumapili ijayo, tafuteni jina lenu wenyewe."

Bortolo alikuwa meza ya mwisho. Nilipoita herufi yake alisimama, akavaa koti, akatoka bila kunitazama. Wa pili kusimama alikuwa mzee Olindo, mwenye miaka themanini na kitu. Nikadhani naye anaondoka. Alikuja hadi kwangu, akaniuliza kama anaweza kuileta kesho, au niipitie mwenyewe kwa sababu magoti yanamsumbua. Nikasema nitaipitia.

Ule mtutu niliufuta polenta kwa aproni ya mtu, nikarudi nao nyumbani.

Jumanne, 6 Novemba

Nne zimekuja tangu karamu. Moja mbovu. Wa sita aliileta mwenyewe, mkewe amebaki nje kwenye gari akitazama mbele.

Jumatatu, 12 Novemba

Bi Santina amekuja. Alisimama mlangoni, mbwa kati ya miguu. Ameambiwa habari za karamu na watu saba, akasema, na kila mmoja ameongeza chumvi yake. Sasa wanaume waliokuwa wakivuka barabara kumkwepa wanamsalimia, naye hapendi.

Nikasema kitako kiko palepale alipokiacha.

"Maliza," akasema. "Sijakusamehe, usije ukajidanganya. Lakini nani mwingine atanitengenezea?"

Akakaa, nikampima shavu upya, maana kovu limetulia. Tulifanya kazi saa mbili. Aliniuliza nilikuwa na umri gani nilipoanza mbao. Nikamwambia kumi na minne, kwa sababu baba hakutaka mikono yangu iharibike kwa chuma. Akaguna.

Jumapili, 18 Novemba

Milio minne. Theluji ya kwanza vileleni. Amerudi.

Ijumaa, 23 Novemba

Mke wa Tavelli amekuja kwa mlango wa nyuma, bunduki ya mumewe imefungwa ndani ya koti lake la harusini. Mumewe yuko Milano, hajui. Nilipima mara tatu, maana nilijikuta natamani iwe mbovu. Si mbovu. Ni kazi safi kabisa, unene sawa kila upande, kazi ya baba wa zamani. Nilimwambia ipelekwe kwa wapimaji kama nyingine ipate muhuri wake, kisha mumewe apige mpaka achoke.

Alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Atasema alijua," akasema.

Pamoja na mbili za wiki iliyopita, moja mbovu, kumi zimepimwa. Nne mbovu. Imebaki moja.

Jumapili, 25 Novemba

Milio sita. Sijui kwa nini anapiga sana hivi. Najua.

Jumapili, 2 Desemba

Ukungu, hakuna mlio. Alikaa kule juu hadi saa nane bila kufyatua. Ilikuwa mbaya zaidi kuliko milio.

Jumapili, 9 Desemba

Leo sikukaa uani.

Nilitoka nusu saa baada yake, nikafuata nyayo zake kwenye theluji hadi kibanda chake cha kuvizia, kile cha matawi ya misonobari juu ya malisho. Aliposikia hatua alidhani ni mnyama, kisha akaniona. Akaniambia nirudi, nafukuza ndege.

Niliingia nikakaa kushoto kwake. Kibanda ni cha mtu mmoja, tulibanana kama tulipokuwa wadogo. Niliusogeza uso wangu hadi kando ya mitutu, shubiri moja mbele ya chumba cha risasi. Chuma kilikuwa baridi, kiligusa sikio langu.

"Piga," nikamwambia.

"Una wazimu."

"Unaamini mikono ya baba, mimi siamini. Basi piga, Bortolo. Ndege wale pale."

Kweli walikuwepo, kundi zima kwenye mti wa matunda mekundu, hatua thelathini. Aliinua bunduki. Nilihisi mtutu ukipanda kando ya shavu langu. Nilifumba macho, na ninaandika ukweli: niliogopa sana, na bado sikusogea. Ningekaa hapo hadi usiku.

Nilisikia pumzi yake, kisha nikasikia bunduki ikifunguliwa na risasi mbili zikidondoka kwenye theluji.

Alilia kwanza. Hakulia mazishini. Akasema si baba aliyeacha kuzipeleka kwa wapimaji, ni yeye. Baba alikuwa akimaliza, anamkabidhi, anasema peleka. Na yeye alikuwa akizungukazunguka na gari, anarudi, anasema wamezipitisha na muhuri wameupiga. Baba hakuweza kuona kama muhuri upo au haupo.

"Niliogopa watazikataa," akasema. "Angesikia wamekataa kazi yake, angekufa siku hiyohiyo."

Nikasema amekufa hata hivyo. Sikusema kwa ukali. Nilikuwa na hasira naye tangu Septemba, na pale kibandani niliitafuta, nikakuta imechanganyika na yangu mwenyewe, siwezi kuzitenganisha. Mimi nilimsomea vipimo, yeye alimsomea mihuri. Tulimdanganya mzee wetu kwa zamu.

Tulishuka pamoja. Bunduki niliibeba mimi.

Jumatatu, 10 Desemba

Tumeipima, duka likiwa limefungwa. Mtutu wa kulia ni mzuri kama wa Tavelli. Mtutu wa kushoto, upande wa ndani, ni mwembamba kama ukucha. Bortolo akaomba nipime tena. Nikapima. Akachukua kipimo akapima mwenyewe.

Nilimuuliza huanza kupiga upi.

"Wa kulia. Wa kushoto ni nikikosa," akasema. Bortolo hukosa mara chache.

Akaifunga bunduki kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa chuma, akaikata mitutu yote miwili katikati. Nilisema wa kulia angeweza kuuhifadhi. Msumeno ukaendelea. Mchana amekwenda mwenyewe kwa wapimaji na barua ya kukiri ya kurasa mbili. Ameniomba nisahihishe tahajia tu.

Alhamisi, 13 Desemba

Sikukuu ya Mtakatifu Lusia, anayewaletea watoto zawadi. Watoto wote mtaani wana peremende midomoni. Sisi hatuna oda hata moja. Kitako cha Santina nimekipaka mafuta ya kitani mara ya nne.

Jumamosi, 22 Desemba

Wapimaji wamekuja, wameandika, wameondoka. Chuma hatutagusa mpaka watoe uamuzi. Mbao wameniruhusu. Bortolo ananisaidia kupiga msasa. Anapiga vibaya sana, namwambia, naye anarudia.

Jumanne, 8 Januari 1985

Baridi imegandisha chemchemi ya uwanjani. Mitutu mipya ya Bi Santina, kazi ya fundi wa Brescia, imerudi kutoka kwa wapimaji na mihuri yake yote.

Jumatatu, 14 Januari

Theluji haijaacha tangu jana, imefika madirishani. Nilidhani hatakuja. Saa nne akatokea kwa miguu, katikati ya barabara, kwa kuwa barabara haionekani, mbwa nyuma yake akiruka kama sungura.

Nilimpa bunduki. Hakuitazama kama wote wafanyavyo, wakiipapasa na kuisifia mbao. Yeye alifumba jicho lake zima, akaiinua begani gizani, akalifumbua. Kitako kilipita chini ya kidevu chake, kikarudi upande wa pili, na jicho la kushoto likakuta mstari wa mtutu palepale. Alifanya hivyo mara kumi hivi. Bortolo alikuwa amesimama karibu na jiko, hajui aweke wapi mikono.

Bi Santina alimgeukia yeye kwanza. Akamwambia amesikia kuhusu msumeno. Akasema alifanya vema, na kwamba alipaswa kufanya vema mapema zaidi. Bortolo akaitikia kwa kichwa.

Kisha akaigeuza bunduki, akapitisha kidole chini ya kitako, nyuma ya kifyatulio, pale mafundi wanapoacha alama.

"Hapa hakuna kitu," akasema.

Nikamwambia alama ya duka imezuiwa hadi uamuzi utoke, na hata ikiruhusiwa, ni ya baba.

"Sitaki ya baba yako. Weka jina lako. Lote. Ikiniumiza, nijue wa kumtafuta."

Nikasema mtu wa mbao hasaini bunduki, haijawahi kutokea katika bonde hili. Akaniwekea bunduki mezani, akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono, theluji ikimyeyukia kwenye viatu.

Nilichukua patasi ndogo. Ilinichukua karibu saa nzima, kwa sababu sikuwahi kuchonga herufi zangu mwenyewe na sikujua zinaanzia wapi. Nimezichonga kubwa na za kina, mtu anayezipapasa gizani aweze kuzisoma. Delfina Cerqui. Bi Santina alizipitishia kidole gumba mara mbili, akatundika bunduki begani, akatoka kwenye theluji.